Maisha ya kufuzu: gofu ambayo huioni kwenye TV

Nikitoka uwanjani simu ya kwanza huwa ni ya mama, na swali lake ni lile lile siku zote, "Mwanangu, umeshinda?" Sasa mimi nabaki natafuta jibu, maana kwenye mashindano ya kufuzu hakuna kitu kinaitwa kushinda. Aliyemaliza wa kwanza na yule wa mwisho kati ya waliopita wanapata kitu kile kile, ruhusa ya kwenda kucheza mashindano mengine, basi. Kombe hakuna, mashabiki hakuna, kamera hakuna labda simu ya mzazi wa mmoja wenu. Kuna mstari tu, uko juu yake au uko chini yake, na mkwaju mmoja ndo unaamua. Nishamwambia aulize "umepita?" lakini wapi, kwake yeye mtoto akienda kucheza anaenda kushinda.

Watu wengi wanajua gofu ya Jumapili jioni, ile ya jamaa mwenye kofia safi anainua kombe huku mke anakimbia na mtoto mkononi. Hii ya kwetu haionyeshwi popote, na kwa maoni yangu ni mchezo tofauti kabisa hata kama mpira ni ule ule na fimbo ni zile zile 14.

Nianze na Q-School ya PGA Tour, yaani mashindano ya kufuzu ya ligi kubwa ya gofu ya Marekani, kwa sababu ndo kila mtu anaulizia. Ilianza 1965, na kwa miaka mingi ilikuwa mlango wa moja kwa moja, unacheza vizuri wiki ile unapata kadi ya kucheza na wakubwa. Halafu kuanzia 2013 wakaubana mlango, ukifanya vizuri unaishia daraja la pili, ile ligi ambayo leo inaitwa Korn Ferry Tour, mpaka 2023 ndo wakarudisha kadi za moja kwa moja, na ni chache mno, za watano bora tu. Mwanzoni mkilingana nafasi ya 5 mlikuwa mnapita wote, mwishoni mwa 2025 hilo nalo likaondoka, mnaolingana mnarudi uwanjani mnagombania mpaka abaki mmoja. Na kabla hujaifikia hiyo hatua ya mwisho kule Florida kuna hatua ya awali, kuna ya kwanza, kuna ya pili, kila moja na ada yake (usiniulize, tuseme tu ni maelfu ya dola na ukikosa hawarudishi hata senti), kila moja na watu wanaopiga mpira vizuri kuliko wewe, na ukiteleza kwenye hatua yoyote mwaka wako wa Q-School umeishia hapo hapo.

Ulaya nako wana yao, hatua 3, na ya mwisho inachezwa Hispania raundi 6. Raundi 6 jamani! Mashimo 108. Baada ya raundi ya 4 wanachuja, wanaobaki wanaendelea siku mbili zaidi kugombania kadi kama 20 hivi. Mtu anaweza kucheza vizuri siku 5 halafu ya 6 asubuhi mikono ikakataa.

Kisha kuna Jumatatu, na hapo ndo akili inapoharibika. Mashindano kadhaa ya PGA Tour yanaacha nafasi chache, kwa kawaida 4, kwa yeyote atakayezipata kwenye raundi moja ya mashimo 18 inayochezwa Jumatatu ya wiki ile ile. Na hata kuingia hiyo Jumatatu, kama si mwanachama kuna mchujo mwingine wa kabla. Sasa fikiria, watu zaidi ya 70 au 80, nafasi 4, raundi moja. Ukimaliza mikwaju 4 chini ya pari (mikwaju ambayo mchezaji mzuri anatarajiwa kupiga), ambayo siku nyingine yoyote ungejipongeza, unakuta haujakaribia hata kugombania. Inatakiwa 65, siku nyingine 64, na uombe wengine wasiamke vizuri.

Shida yenyewe ni hii, na sijaona watu wakiizungumzia sana: Jumatatu na Q-School zinataka wachezaji wawili tofauti. Jumatatu unashambulia kila bendera, hata ile iliyojificha nyuma ya bunka, lile shimo la mchanga, pembeni ya maji, kwa sababu pari haikusaidii na bogi (mkwaju mmoja juu ya pari) mbili au kumi ni mamoja, umetoka tu. Q-School ni kinyume chake. Raundi 4 ndefu ambazo hutakiwi kuwa shujaa, unatakiwa usife. Unapiga katikati ya grini, zile nyasi fupi zenye shimo, unausukuma mpira mara mbili uingie, unaondoka na pari yako kimya kimya, jirani yako anapiga birdi (mkwaju mmoja chini ya pari) na dabo bogi (miwili juu) anapanda anashuka, mwisho wa wiki wewe umepita yeye hajapita. Sasa wewe unacheza Jumatatu tatu mfululizo unaufundisha mwili kukamia, halafu wiki ya nne unauambia utulie. Mwili haukuelewi. Naona vijana wenye vipaji vya kutisha wanaishia hapo, siyo kwamba hawajui kupiga, wamezoea mno Jumatatu mpaka wamesahau kucheza gofu ya kawaida.

Lakini pia siwezi kuzisema vibaya sana hizo Jumatatu kwa sababu ya Corey Conners. Mwaka 2019 kwenye Valero Texas Open, mashindano ya PGA Tour, alilingana na wenzake Jumatatu, watu 6 wakarudi uwanjani kugombania nafasi moja iliyobaki, akaipata yeye. Jumapili akashinda mashindano yenyewe, na ushindi ule ukampa nafasi ya mwisho ya Masters, moja ya mashindano makubwa manne ya gofu, iliyokuwa inaanza siku chache baadaye. Kabla yake wa mwisho kufanya hivyo alikuwa Arjun Atwal mwaka 2010. Yaani miaka 9 katikati, na Jumatatu zote zile, na watu wote wale! Ukiangalia kwa hesabu ni wazimu. Ukiangalia kwa roho unajaza fomu nyingine.

Ngoja nieleze mashimo 9 ya mwisho ya hatua yoyote ya Q-School, maana hayo ndo kazi yenyewe. Hujui namba. Hicho ndo kitu. Mchezaji wa kwenye TV anaona ubao mkubwa pembeni ya grini, anajua anahitaji nini. Wewe unajua tu kwamba watapita labda 18, na kwamba jana mstari ulikuwa mikwaju 7 chini, leo kuna upepo kwa hiyo unaweza ukashuka ukawa 6, au vijana wa asubuhi kabla ya upepo wameshaupeleka 8. Unacheza dhidi ya namba ambayo haijazaliwa. Matokeo ya moja kwa moja yako kwenye simu siku hizi, lakini mimi nimempiga marufuku kedi wangu, anayenibebea begi, kuniambia chochote, na haisaidii maana namjua. Tukiwa salama anapiga stori za mpira na kunicheka. Tukiwa mbali kabisa nako anapiga stori, za kunipoza. Tukiwa pale pale kwenye mstari ndo anakaa kimya anaanza kufuta fimbo ambayo ameshaifuta. Akitoa kile kitambaa mara ya pili kwenye shimo moja najua kila kitu, hata angeniandikia barua isingekuwa wazi hivyo.

Mkimaliza, nenda maegesho uangalie viatu. Aliyevua viatu amekwisha, anapakia begi, anapiga simu. Aliyevaa bado anasubiri, maana inawezekana wakalingana na ikabidi warudi, na hakuna anayetaka kupoa. Wengine wanakwenda kupiga mipira ya mazoezi bila hata kuangalia inaanguka wapi, wengine wamekaa kwenye buti la gari viatu miguuni wanaburuza kidole kwenye skrini, buruza, buruza, kuna kundi moja bado liko shimo la 17 na ndani yake kuna mtu ambaye hamjawahi kusalimiana naye na kwa dakika 20 zijazo yeye ndo anashika mwaka wako mzima mkononi. Unamtakia mabaya? Wengine wanasema hapana. Mimi nasema waongo.

Na hata ukishamaliza kupiga hujamaliza. Kuna skokadi, ile karatasi ya kuandika mikwaju. Kadi yako haujazi wewe, anajaza mwenzako mnayecheza naye, na wewe unajaza yake, halafu mnakaa chini mnasomana namba shimo kwa shimo kabla ya kuithibitisha. Ukithibitisha shimo lenye namba ndogo kuliko uliyocheza kweli, umeondolewa. Ukithibitisha namba kubwa kuliko uliyocheza, inabaki hiyo kubwa, imekula kwako. Muulize Jaxon Brigman. Q-School ya 1999, siku ya mwisho akapiga 65, skokadi ikasainiwa ya 66, na mkwaju ule mmoja wa karatasini ndo uliomkosesha kadi ya PGA Tour. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Joe Daley, mpira wake ukaingia shimoni kabisa, ukagonga ndani ukaruka nje, na wiki ikaisha amekosa kwa mkwaju mmoja. Hizi hadithi mbili tunasimuliana sana kwenye foleni za usajili, sijui kwa nini, labda tunapenda kujitesa. Mimi faida niliyopata ni kwamba skokadi nasoma kwa kidole, polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, nikiwa nimekaa, na sijali anayenisubiri anaguna vipi.

Kuna na ile kitu ya kuwa wa akiba. Hukufuzu lakini uko karibu, jina lako liko kwenye orodha, mtu akijitoa unaingia. Unafika alfajiri kwenye uwanja ambao labda hutacheza, unapasha mwili, unakaa karibu na tii ya kwanza, pale wanapoanzia kupiga, na begi lako unaangalia wanaoitwa. Mchezaji akichelewa muda wake kwa ndani ya dakika 5 ni adhabu ya mikwaju 2, akizidi hapo anaondolewa, kwa hiyo we unaangalia saa kuliko hata refa. Halafu anatokea anakimbia, kamba ya kiatu haijafungwa, anaomba samahani, na wewe unatabasamu. Siku nzima imeenda.

Kuhusu hela na safari sitasema mengi, kila mwanamichezo analialia hapo. Ninachoweza kusema ni kwamba hesabu ya gofu ya kufuzu ni ya ajabu, unalipa kuingia, unalipa kusafiri, unalipa kulala, na ukifanikiwa zawadi yake ni nafasi ya kwenda kulipa tena mahali pengine wiki inayofuata. Wenzangu wengi wanafundisha watu kupiga mpira siku za katikati ya wiki, wengine wanabeba mabegi ya wachezaji wengine. Hakuna aibu. Kinachouma zaidi ni watu wa nyumbani wanaokuuliza lini utapata kazi huku mgongo unakuuma kwa kazi.

Na sasa mlango unazidi kubanwa. Kuanzia 2026 PGA Tour wamepunguza wanaobaki na kadi kamili kutoka 125 hadi 100, idadi ya wachezaji kwenye mashindano kadhaa nayo imepungua, na zikipungua hizo cha kwanza kukatwa ni nafasi za Jumatatu. Sababu wanayotoa ni kwamba raundi zilikuwa haziishi kabla ya giza, na hilo ni kweli, nimeshaona mashindano yanasimamishwa wamebaki watu mashimo mawili. Ila naona wamekata upande ambao hauna wa kuutetea. Yule jamaa wa kwenye buti la gari hana wakala, hana kiti kwenye kikao.

Kwa hiyo mwaka huu nimebadilisha ratiba. Jumatatu nimepunguza, nguvu naweka kwenye hatua ya kwanza ya Q-School na kwenye mchujo wa US Open, mashindano makubwa ya wazi ya Marekani. Huo wa US Open naupenda kwa sababu uko wazi kweli, kila mwaka wanajiandikisha zaidi ya watu 10,000, wa kulipwa na wa ridhaa wenye handikapu (namba ya kupima kiwango cha mchezaji) ya chini sana, unacheza mashimo 18 kwanza, ukipita unakwenda kwenye mashimo 36 yanayochezwa siku moja. Michael Campbell alipitia mchujo huo uliochezwa Uingereza mwaka 2005 halafu akaenda kuchukua kombe lenyewe Pinehurst, Tiger Woods akiwa wa pili. Ken Venturi 1964 na Orville Moody 1969 walianzia chini kabisa, hatua zote mbili, nao wakachukua kombe.

Kwa siku ile ya mashimo 36 wengi wanajiandaa na mikono. Mimi nimegundua wanaoanguka saa kumi jioni wanaangushwa na miguu, mtu ameshatembea raundi nzima asubuhi, amekaa kidogo, mwili umepoa, halafu anasimama tii ya 19, mpira wa draiva, ile fimbo ndefu, unakwenda kulia kwa sababu nyonga haigeuki tena. Kwa hiyo natembea sana siku hizi, begi mgongoni, raundi mbili kwa siku bila kupumzika katikati, ya pili sihesabu hata mikwaju, naangalia tu kama miguu bado inasukuma. Kedi wangu anaona nimechanganyikiwa. Anakuja lakini, na kitambaa chake.