Mkojo ulivyomziba paka wangu dume na jinsi nilivyomhangaikia mpaka akapona

Watu wengi wanaofuga paka wanaangalia kitu kimoja tu, anakula au hali, basi. Mi naangalia na mchanga wake wa kujisaidia pia, na hiyo tabia ndo iliyomuokoa dume langu. Anaitwa Bonge, jina linajieleza, ana tumbo ka la mwenyekiti wa mtaa.

Nakaa Mbagala nyumba ya kupanga, Bonge anajisaidia kwenye beseni la mchanga nyuma ya mlango wa jikoni na kila asubuhi kabla ya kwenda kibaruani nauchota ule ulioloana natupa. Sa siku hiyo nakuta mavi yapo ila mchanga wote mkavu, hakuna hata sehemu moja iliyoganda. Nkasema labda kakojoa nje, ila mlango ulikua umefungwa usiku kucha. Nikiwa bado nawaza akaja mwenyewe, akaingia kwenye beseni akachuchumaa, muda mrefu kweli, hamna kitu, akatoka. Dakika kidogo karudi tena. Baadae akachuchumaa kwenye sakafu kabisa, kitu ambacho hajawahi kufanya tangu mdogo, yakadondoka matone yana rangi ya pinki alafu akaanza kujilamba huko chini bila kupumzika, na ukimgusa anatoa mlio wa chini chini, sio ule nyau wa kuomba samaki.

Hapo ndo kila mtu akawa daktari. Mama mwenye nyumba akaniambia "mwanangu huyo kavimbiwa, mpe kijiko cha mafuta ya kula utaona", mpangaji mwenzangu anasema kala panya mwenye sumu, mwingine ananiletea nusu kidonge cha Panadol eti kitamtuliza maumivu. Niliwashukuru wote nikaweka pembeni. Kuvimbiwa haiwezekani, mavi si hayo nmeyaona asubuhi, laini tu. Na Panadol ndo kabisaaa, paka ini lake haliwezi kuichakata ile dawa kama letu, inaharibu damu mpaka fizi zinageuka kahawia au bluu, kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kuua paka mkubwa. Hii mtu yoyote mwenye paka aijue hata kama hatojua kingine.

Nikamshika tumbo taratibu, karibu na miguu ya nyuma. Kibofu kilikua kimejaa kigumu, ukubwa wa chungwa dogo. Usikibonyeze, unashika tu kidogo kujua, ukiminya kinaweza kupasuka kwa ndani. Nilishawahi kuelezwa na bwana mifugo wa huku kwetu kwamba paka dume njia yake ya mkojo ni ndefu na nyembamba sana, jike yake ni fupi na pana kidogo ndo maana majike hayazibi hovyo. Dume ikiziba mkojo haupiti, sumu inarudi kwenye damu, potasiamu (madini ya kwenye damu) inapanda na ikipanda moyo unaenda polepole mpaka unasimama. Siku mbili tatu tu paka hana maisha. Kwahiyo sikusubiri jioni, nikapiga simu kazini nikaomba ruhusa (nikasema nauguza, sikusema nauguza nani).

Kikapu cha kubebea paka sina, nikachukua tenga la kuku, nikatandika taulo chini, nikafunika na khanga juu ili asione njia maana paka akiona magari anachanganyikiwa. Dereva wa bajaji alilalamika atakojolewa humo ndani, nikamwambia kaka, akikojoa nakulipa mara mbili.

Kabla ya kufika nilipita kwenye duka moja la dawa za mifugo kuuliza kliniki ya karibu, muuzaji akaanza kunishawishi ninunue amoksilini, antibayotiki hiyo, eti ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Dokta baadae akanieleza vizuri kwamba kwa paka dume ambao bado vijana mara nyingi sio bakteria kabisa. Kinachoziba ni chembechembe ndogo za madini zilizochanganyika na ute, au kibofu kimevimba chenyewe bila sababu inayoonekana, na stress inachangia sana. Antibayotiki hapo haizibui chochote, unapoteza masaa tu.

Kliniki walimpokea haraka. Dokta alisikiliza moyo kwanza, akaweka dripu, alafu sindano ya usingizi, ndipo akaingiza mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo huku anasukuma maji ya chumvi yaliyo safi ili kile kizibo kirudi nyuma. Ukatoka mkojo mwekundu una vitu ka vumbi la mchanga, mwingi mpaka nikashangaa. Ule mpira haukutolewa, waliushona ukaunganishwa na mfuko, akavalishwa kola ya plastiki shingoni asiung'oe, akalala hukohuko siku kadhaa kwenye dripu. Mi nilidhani ukishazibua umemaliza, kumbe baada ya kuzibuka figo zinamwaga mkojo mwingi kuliko kawaida na paka anaweza kuishiwa maji mwilini, dripu ndo inafidia. Bili ilikua nzito, sitaficha, nilikopa kwenye kikoba na watu walicheka kwamba nimekopa kwa ajili ya paka, wacheke tu.

Siku ya kumchukua dokta akamkagua mwili mzima, hapo ndo nikaelewa kwanini anasema paka ni bingwa wa kuficha ugonjwa. Masikio ndani yalikua na uchafu mweusi mkavu, akasema ni utitiri wa masikio, wale hauwaoni kirahisi kwa macho ila paka anajikuna na kutingisha kichwa, na unaambukiza kwahiyo ukiwa na paka wawili unawatibu wote hata kama mmoja hajikuni. Akamsafisha akampa dawa ya kudondoshea nyuma ya shingo, pale asipofikia kujilamba. Viroboto navyo. Kuna kipimo chake kizuri cha nyumbani, unamchana kwa chanuo la meno madogo madogo, vile vidoadoa vyeusi unaviweka kwenye tishu nyeupe yenye maji, vikigeuka vyekundu basi ni kinyesi cha kiroboto maana ni damu iliyokauka. Na minyoo ya tegu inatokana na haohao viroboto, paka anawameza akijilamba, ndo unaona vile vipande vyeupe vidogo vinatembea kwenye manyoya ya mkiani. Ukimpa dawa ya minyoo ukaacha viroboto umefanya kazi bure, minyoo itarudi tu.

Ila nisisahau hii, dawa ya viroboto ya mbwa usimpakie paka hata kidogo, nyingi zina pamethrini, sumu ya kuulia wadudu, mbwa inamfaa lakini paka anatetemeka mpaka degedege na anaweza kufa. Madukani huku wanauza bila kuuliza una mnyama gani, kwahiyo soma boksi mwenyewe.

Nyumbani kazi ilikua kumlisha. Siku ya kwanza aligoma kula, ananusa anaondoka. Paka mnene akikaa bila kula siku mbili tatu mafuta yanajaa kwenye ini, unajikuta una ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza, kwahiyo sikumuacha. Nilikua nachemsha samaki bila chumvi wala kitunguu (kitunguu na saumu ni sumu kwa paka, vinavunja chembe za damu), nampasha avuguvugu inukie, namuwekea kidogo kidoleni. Mara ya tatu au ya nne hivi ndo akalamba, alafu akala bakuli zima kama hajawahi kuona chakula.

Kubwa nililobadilisha ni maji. Mwanzo alikua anakula chakula kikavu cha dukani na dagaa wakavu, maji anagusa gusa tu, sa paka kiasili sio mnywaji, maji mengi anatarajia kuyapata kwenye chakula. Mkojo unakua mzito na zile chembe zinaganda kirahisi. Siku hizi chakula chake kina supu, dagaa nawaosha nawachemsha na maji mengi nampa na maji yake, na mabakuli ya maji nimetawanya, moja jikoni, moja chumbani, moja kibarazani, mbali na chakula na mbali na beseni. Samaki mbichi simpi kila siku maana baadhi yao wanaharibu vitamini B1 mwilini. Na chakula kikavu sijakitupa, nakiloweka. Kuna vyakula maalum vya kuyeyusha zile chembe, bei yake kubwa na kuna aina ya mawe ambayo hayayeyuki kwa chakula, ndo maana dokta alipima mkojo kwanza kabla ya kuniambia nini ninunue.

Stress nayo niliichukulia serious japo mwanzoni nilicheka, paka na stress wapi na wapi. Lakini ukiangalia, wiki ile jirani alikua ameleta mbwa anabweka usiku kucha na sisi tulikua tunapaka rangi nyumba, Bonge alikua anashinda juu ya kabati hashuki. Nimemuwekea boksi la televisheni juu huko, analala humo, na mabeseni ya mchanga sasa ni mawili.

Wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka nilikua namchungulia kila anapoingia kwenye mchanga kwasababu kuziba tena ni kawaida sana kipindi hicho. Mara moja akakaa muda mrefu nikaanza kutafuta tenga, kumbe alikua anakunya. Dokta alisema ikijirudia rudia kuna opareshen ya kuipanua ile njia, inafanyika kliniki zenye vifaa na pale hospitali ya wanyama ya SUA (chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine) Morogoro unaweza kuulizia. Sisi hatujafika huko, Bonge kapungua kidogo, anakojoa vizuri, na yule mbwa wa jirani kahamishiwa shamba.