Nafasi tupu za Mendeleev

Leo nimeanza mada ya elementi, yaani dutu za msingi zinazounda vitu vyote, na kidato cha pili, na bado nina furaha. Sikuwakaririsha alama. Nimewasimulia Mendeleev, yule Mrusi aliyepanga elementi kwenye jedwali mwaka 1869, akaacha nafasi tupu kwa zile ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Tena akazitabiria sifa! Moja alisema uzito wa atomu yake utakuwa 72. Mwaka 1886 elementi hiyo ikagunduliwa, ikaitwa jerimaniamu. Leo tunajua uzito wake ni 72.6. Hapo darasa zima likashangaa, na kwa kweli hata mimi hunisisimua kila mara.

Binti mmoja akauliza kama bado kuna nafasi. Nikamwambia safu mlalo zote saba zimejaa, elementi 118, ila wanasayansi wanaitafuta ya 119.