Dawa Isitangulie Uchunguzi: Magonjwa ya Njiwa wa Mashindano Hapa Ubelgiji

Hapa Flanders, upande wa kaskazini wa Ubelgiji, ninakoishi na kufuga njiwa wa mashindano, msimu wa kuwarusha huanza majira ya kuchipua na kwisha mwezi wa Septemba, na katika kipindi chote hicho mabanda mengi hupewa dawa kwa ratiba: wiki hii ya koo, wiki ijayo ya matumbo, wiki ya tatu ya mapafu, kisha mzunguko unaanza upya. Mimi siufuati utaratibu huo, na sababu zangu naziandika kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaofuga njiwa, wawe huku Ulaya au nyumbani. Njiwa huonyesha dalili za ugonjwa mapema kwa mtu anayemtazama kila siku, maabara inaweza kuthibitisha au kukanusha kile ambacho jicho limeshuku, na dawa ina nafasi yake baada ya hayo mawili, si kabla yake.

Mwezi wa Novemba 2020 njiwa jike wa Ubelgiji aitwaye New Kim aliuzwa mnadani kwa euro milioni 1.6. Fedha za namna hiyo zimewafanya watu wazungumzie zaidi ukoo na nasaba, lakini ndege wa ukoo bora mwenye vimelea kooni hushindwa na ndege wa kawaida aliye mzima.

Uchunguzi huanza asubuhi, kabla ufagio haujagusa sakafu. Kinyesi cha njiwa mzima kimeshikamana, kina rangi ya kahawia au ya kijani iliyokolea, na juu yake kuna sehemu nyeupe ambayo ndiyo mkojo wa ndege. Vinyoya laini vilivyotapakaa sakafuni ni dalili njema, na vikikosekana kwa siku kadhaa katika msimu wa kuruka mimi huanza kujiuliza maswali. Kisha natazama ndege wenyewe: nundu iliyo juu ya mdomo iwe nyeupe kabisa, koo liwe la rangi ya waridi bila utando wala ute, na ngozi ya kifuani, ukipeperusha manyoya yake, iwe ya waridi bila kuelekea kwenye ubuluu. Njiwa aliyejikunyata huku amevimbisha manyoya wakati wenzake wanagombania nafaka, au anayerudi kwenye chombo cha maji mara kwa mara, au anayetua juu ya paa wakati kundi bado linazunguka angani, ameshaeleza jambo fulani hata kama bado hana dalili nyingine. Lazima pia kujua hali za kawaida zinazofanana na ugonjwa. Jike anayekaribia kutaga hutoa kinyesi kingi na kilicholegea, wazazi wanaolisha makinda hunywa maji mengi zaidi, na ndege aliyerudi sasa hivi kutoka safari ndefu huwa na kinyesi cha majimaji kwa muda mfupi. Mfugaji asiyezijua hali hizi atatibu afya.

Kuna tofauti moja ambayo ningependa kila mfugaji aifahamu, yaani tofauti ya kuhara na kukojoa sana. Ukiona dimbwi la maji safi ambalo katikati yake kuna kinyesi kilichoshikamana, maji hayo yanatoka kwenye figo, na jambo la kwanza la kushuku ni paramiksovirusi ya njiwa. Virusi hivi ni ndugu wa karibu wa vile vinavyosababisha kideri kwa kuku, ugonjwa ambao mfugaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa. Dalili za mishipa ya fahamu hufuata: ndege hutetemeka, shingo hupinda, na anapodonoa punje huikosa na kugonga pembeni. Vilienea Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1984 kuku wa Uingereza waliugua kwa sababu chakula chao kilichafuliwa na njiwa walioambukizwa katika maghala ya bandari ya Liverpool. Kwa hiyo serikali zina haki ya kulichukulia suala hili kwa uzito, na hapa Ubelgiji njiwa haruhusiwi kuingia mashindanoni bila chanjo. Chanjo ninayoitegemea ni ile ya virusi vilivyouawa, inayochomwa chini ya ngozi sehemu ya chini ya shingo, wiki kadhaa kabla ya safari ya kwanza ili mwili upate muda wa kujenga kinga. Ndege akishaugua hakuna dawa ya kuua virusi hivyo. Anatengwa, anawekewa nafaka katika chombo chenye kina ili aweze kuiokota, na wengi hupata nafuu polepole iwapo mfugaji atakuwa na subira.

Hata banda lililo safi kuliko yote mtaani hupoteza usalama wake jioni ile njiwa wanapopelekwa klabuni ili wasafirishwe mbali na kuachiwa waruke kurudi nyumbani. Huko hupangwa katika matenga pamoja na ndege wa wafugaji wengine, hupakiwa kwenye lori, hunywa katika kihori kimoja, na hukaa hivyo usiku mzima au zaidi. Wale wa mashindano makubwa ya Barcelona, Uhispania, ambao hurudi Ubelgiji kwa kuruka takriban kilomita elfu moja au zaidi, hukaa matengani siku kadhaa kabla ya kuachiwa. Ndege mmoja anayebeba vimelea anaweza kuvigawa kwa mabanda mengi katika safari moja. Siwezi kulizuia hilo, lakini naweza kuamua nani aende. Njiwa ambaye kinyesi chake kimebadilika siku moja kabla ya safari habebwi, na huo ni wajibu wangu kwa wafugaji wenzangu kama ulivyo kwa ndege mwenyewe. Anayerudi akiwa amechelewa siku nyingi, baada ya kulala na kula nisikokujua, haingii moja kwa moja kundini. Njiwa mgeni aliyenunuliwa hukaa peke yake wiki tatu hadi nne, kinyesi chake kikapimwa, bila kujali ametoka kwa nani.

Matenga ndiyo yanayoeleza pia ugonjwa ambao umewasumbua wafugaji wa huku kuliko mwingine wowote, ule wa njiwa wachanga. Hutokea kiangazi, mara nyingi siku chache baada ya safari zao za kwanza za mazoezi. Chakula hakishuki kutoka kwenye kifuko cha shingoni, ndege hutapika, kinyesi huwa cha kijani na majimaji, uzito hupungua kwa kasi, na baadhi hufa ndani ya siku moja au mbili. Kwa miaka mingi lawama zilitupiwa adenovirusi, sirkovirusi na bakteria wa koli. Baadaye, baada ya vifo vingi katika mabanda ya Perth, Australia, mwaka 2016, watafiti walitambua rotavirusi ya aina A, na mwaka 2020 watafiti wa Ujerumani walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba rotavirusi hiyo peke yake inaweza kuleta ugonjwa huo kwa njiwa wachanga. Somo la kitabibu hapo ni kubwa: antibiotiki haiui virusi. Inaweza kufaa pale bakteria wa koli wanapotumia udhaifu wa utumbo kushambulia, na daktari ndiye wa kuamua hilo. Msaada wa kwanza ni kusitisha nafaka kwa takriban siku moja, kuwapa maji yenye chumvichumvi na glukosi, kuwaweka mahali penye joto, kisha kuwarudisha kwenye chakula chepesi kidogo kidogo. Mazoezi na safari vinasimama, na havirejei mpaka kinyesi kiwe kimetulia kwa muda wa kutosha. Najua jinsi inavyouma kukosa mashindano katikati ya msimu, lakini anayewasafirisha ndege wa namna hiyo anaisambaza balaa.

Trikomonasi ndiye kimelea ninayemfuatilia kwa ukaribu zaidi. Ana chembe moja tu, anaishi kinywani, kooni na katika kifuko cha chakula, na hupita kwa kinda kupitia "maziwa" ya njiwa, yaani uji unaotengenezwa katika kifuko cha chakula cha wazazi, ambayo humlisha tangu siku ya kwanza, na kwa wakubwa kupitia maji ya kunywa. Njiwa wengi wazima humbeba bila kuugua. Akiongezeka, unaona ute unaovutika kama nyuzi mdomo unapofunguliwa, koo jekundu, na mwishowe mabonge ya njano kooni au kwenye kitovu cha kinda, ambayo yanaweza kuziba njia ya hewa. Ndege wa mashindano huonyesha mapema zaidi: anarudi nyumbani akiwa wa mwisho bila sababu inayoonekana. Kipimo chake ni rahisi lakini kina sharti, kwa kuwa kimelea hutambuliwa kwa mwendo wake akiwa hai. Ute wa kooni lazima utazamwe kwa hadubini mara moja, ukiwa bado na joto, kwa hiyo sampuli iliyotumwa kwa posta haina faida. Kimelea huyu hawezi kustahimili ukavu, jambo linalomfanya mfugaji anayeosha na kukausha vyombo vya maji kila siku kuwa ameshafanya nusu ya kazi.

Dawa zipo, zikiwemo ronidazoli na kanidazoli, nazo zinafaa zikitolewa kwa kipimo kamili na kwa siku zote zilizoagizwa. Tatizo ni nusu dozi za kila mara, ambazo huua vimelea dhaifu na kuwaacha wenye nguvu wazaane. Usugu huo umethibitishwa kitaalamu, na ndio unaonifanya nipinge ratiba ya dawa bila vipimo. Naongeza tahadhari moja kwa wale ambao njiwa kwao ni kitoweo pia: dawa za kundi hili zimepigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya kwa wanyama wanaofugwa kwa ajili ya chakula. Njiwa aliyetibiwa kwa dawa hizo asiingie chunguni.

Salmonela ni adui wa namna nyingine, kwa kuwa hujificha. Kiungo cha bawa huvimba, ndege huchechemea au huliangusha bawa moja, mayai hayaanguliwi, makinda hufa kiotani, na wakati mwingine shingo hupinda hata mtu akadhani ni paramiksovirusi. Panya huleta bakteria hawa, na vumbi kavu huwahifadhi kwa muda mrefu. Kinyesi kioteshwe maabara, na bakteria watakaopatikana wajaribiwe dhidi ya dawa mbalimbali, ili daktari aagize ile inayowaua kweli. Chanjo yake ipo pia, nami huitumia, ingawa haiwezi kulisafisha banda ambalo tayari limeambukizwa.

Magonjwa mengine nayagusa kwa ufupi. Mayai ya koksidia, vimelea wa utumboni, huhitaji unyevu na muda wa siku moja au zaidi ili yaweze kuambukiza, kwa hiyo kukwangua kinyesi kila siku kunakata mzunguko wao. Mayai ya minyoo ya mviringo huhitaji muda mrefu zaidi, na hadubini huyaonyesha bila shida. Ndui ya njiwa, inayoenezwa na mbu na kuacha vigaga kwenye mdomo na miguu, ina chanjo inayopakwa kwa brashi mahali palipong'olewa manyoya machache.

Jicho moja linalotoa machozi, chafya, na nundu ya mdomo iliyogeuka kijivu ni dalili za maradhi ya njia ya hewa, na hapa mfugaji anapaswa kujifikiria na yeye. Bakteria aitwaye klamidia wa ndege anaweza kumwambukiza binadamu na kumletea homa ya mapafu. Ndege hutibiwa kwa antibiotiki iitwayo doksisiklini kwa maagizo ya daktari, na changarawe yenye chokaa huondolewa katika siku za matibabu kwa sababu kalsiamu huizuia dawa kufyonzwa. Mbali na maambukizo, vumbi la manyoya na kinyesi peke yake huwaletea baadhi ya wafugaji ugonjwa wa mapafu unaotokana na mzio, ambao ukipuuzwa kwa miaka huacha makovu ya kudumu. Mimi husafisha nikiwa nimevaa barakoa nzuri, na ninaomba kila mfugaji anayekohoa au kuishiwa pumzi saa chache baada ya kutoka bandani amwambie daktari wake kwamba anafuga njiwa.

Watu huniuliza sana kuhusu siki ya tufaha na vitunguu saumu. Siki naitia kwenye maji mara kwa mara, kwa kiasi kidogo, wala sina ubaya na vitunguu, lakini sitaviita kinga. Kinga ni banda kavu lenye hewa inayopanda na kutoka juu bila kuwapuliza ndege usiku. Kinga ni nafaka iliyohifadhiwa panya wasiifikie, na zaidi ya yote, idadi ndogo ya ndege. Msongamano ndio chanzo cha maradhi mengi ninayoyaona, na kwa bahati mbaya ndio ambao wafugaji hawataki kuusikia, kwa sababu kila kinda huonekana kuwa bingwa wa kesho.

Kila mwaka ifikapo Novemba, kabla ya kuunganisha jozi, nakusanya kinyesi cha kila chumba kwa siku tano mfululizo, kwa kuwa ndege anayebeba salmonela haitoi kila siku, kisha nampelekea daktari wa njiwa sampuli hizo pamoja na ndege wachache hai ili awapime koo hapo hapo. Atakayekutwa na ugonjwa hutibiwa na kupimwa tena wiki kadhaa baadaye. Akiendelea kubeba salmonela baada ya matibabu kamili, huondolewa bandani moja kwa moja, wala hauzwi wala hatolewi zawadi kwa mfugaji mwingine, hata kama ndiye aliyeniletea ushindi.