Asimetria ya pioni ilikuwa inatoka sifuri: nilivyotatua

Hatimaye! Wiki 2 nzima hapa Uyole grafu moja ilininyima usingizi. Nachambua data za mwigo wa kompyuta: fotoni (chembe za mwanga) zilizopolarishwa, yaani zinazotetemeka upande mmoja, zenye nishati ya MeV 340, zinapiga protoni, inatoka pioni (chembe ndogo) isiyo na chaji. Grafu ya pembe φ (upande pioni inaokwenda kuzunguka mwali wa fotoni, kuanzia ulalo) ilipaswa kupanda na kushuka kwa kufuata cos 2φ; ukubwa wa mawimbi hayo ndio asimetria. Yangu imelala tu.

Nikaongeza matukio, nikapanua mafungu ya histogramu, nikaazima kompyuta. Wapi.

Jana usiku, blanketi mabegani kwa baridi hili la Juni, nikafungua mafaili moja moja. Nusu yana fotoni zinazotetemeka kwa ulalo, nusu kwa wima. Nami nilikuwa nayajumlisha hivyohivyo! Mtetemo ukigeuka nyuzi 90, cos 2φ hubadili alama, kwa hiyo vilima vya nusu moja hufukia mabonde ya nusu nyingine.

Nikayatenganisha, kwenye ya wima nikatoa nyuzi 90 katika φ, ndipo nikajumlisha. Mabonde yakatokea kwenye 0 na 180, sawasawa. Nikagawa kimo cha wimbi kwa kiwango cha upolarishaji (usiruke hapa): pioni ikitoka kwa nyuzi 90 kutoka kwenye mwali, asimetria ni karibu 0.6, kama delta (protoni iliyosisimka kwa muda mfupi) peke yake inavyotaka.