Ute wa mwani na mtambo wetu wa kuchuja maji: uzoefu wangu Ghuba ya Winam

Mtambo ninaouendesha uko ufukweni, upande wa Kisumu. Unavuta maji ya Ziwa Victoria, unayapitisha kwenye chujio la diski, kisha unayasukuma kupita kwenye utando, yaani nyuzi za PVDF (aina ya plastiki) zenye vitundu vya kama mikroni 0.02. Bakteria hawapenyi hapo. Shida ni kwamba kila kinachozuiwa hubaki juu ya nyuzi, na mwani unapochachamaa ghubani, utando huziba hadi watu wenye madumu waanze kunung'unika kwenye foleni.

Maji yakipungua, mkono wa fundi huenda kwenye pampu: ongeza presha! Siupendi mtindo huo. Presha kubwa huyashindilia matope na ute, na kinachoshindiliwa hakitoki kirahisi. Nilianza na daftari. Kila zamu tuliandika presha kabla ya utando, presha baada yake na kiasi cha maji yanayotoka. Geji peke yake hudanganya, kwa sababu ukipunguza maji presha nayo hushuka, hata kama nyuzi zimeziba. Kwa hiyo nilikuwa nagawanya kiasi cha maji kwa tofauti ya presha, na jibu hilo ndilo nililolifuatilia. Likishuka kisha likarudi baada ya kuosha kwa kugeuza maji yapite kinyume kwenye nyuzi, sina wasiwasi. Likirudi pungufu kidogo kila mara, kuna kitu kimeganda.

Kiligandaje, na ni kitu gani? Mwenzangu alishuku kutu ya mabomba, kwa hiyo tuliloweka nyuzi kwanza kwenye asidi ya sitriki, pH kama 2. Asidi huyeyusha chuma na chokaa. Hali haikubadilika sana. Tukasuuza vizuri mno, maana asidi ikikutana na dawa ya klorini hutoa gesi ya kuua mtu, halafu tukaloweka kwenye klorini iliyotiwa kostiki soda kidogo. Kidogo tu: PVDF huvumilia klorini lakini kostiki kali huichakaza. Safari hii maji yalifunguka. Basi mwizi alikuwa ute wa mwani, si kutu.

Kujua hivyo kulibadilisha kazi nzima. Mwani wa ghuba yetu, hasa Microcystis, una vifuko vya hewa na huelea, na upepo wa alasiri huusukuma ufukweni. Tulishusha mdomo wa bomba la kuvutia chini ya tabaka hilo, bila kuufikisha kwenye tope. Kuna aliyependekeza tutie klorini humo humo ziwani, kabla ya kuchuja. Nilikataa. Klorini hupasua seli za mwani, sumu iliyomo ndani yake humwagika majini, na sumu iliyoyeyuka hupita kwenye utando wetu bila kizuizi. Afadhali seli inaswe ikiwa nzima.

Kilichosaidia zaidi ni shabu, kwa dozi ndogo, ikitiwa kabla tu ya utando. Haihitaji kutuama, inatosha ute ukusanyike kuwa vibonge vinavyobanduka kwa urahisi wakati wa kuosha. Dozi tunaijaribu kwenye chupa asubuhi na tena mchana, kwa sababu jua likiwaka mwani hula kaboni dioksaidi na pH inaweza kufika 9, na hapo shabu haifanyi kazi vizuri, tena alumini yake huponyoka na maji. Zile dawa za polima za kugandisha tope nilizipiga marufuku. Zikizidi zinanata kwenye nyuzi kuliko mwani wenyewe.

Halafu tukapunguza kasi. Msimu wa mwani tunashuka kutoka lita 70 hadi 45 kwa kila mita ya mraba ya utando kwa saa, na tunaosha kila baada ya nusu saa badala ya saa nzima. Mwenyekiti wa kamati hakufurahi, mpaka tulipoongeza tangi la akiba ili mtambo uchuje usiku kucha polepole. Siku hizi kuloweka kwa dawa kumekuwa kwa nadra, na presha haipandi kama zamani.

Sasa tunahangaika na maji ya kuoshea, yaliyojaa mwani na shabu. Hatuyarudishi ziwani. Tumechimba bwawa la kutuamisha tope, na likijaa tunalikausha juani, ila mvua za masika hutuchelewesha.