Siku moja maishani mwangu: mkaguzi wa lifti, Arusha

Saa 12:30 asubuhi. Nasoma nyaraka nyumbani, chai pembeni. Lifti ya leo haina kamba za chuma. Imening'inizwa kwa mikanda bapa: nyuzi za chuma zilizofunikwa kwa plastiki ngumu. Kampuni ya Otis ilianza kuuza lifti za namna hii mwaka 2000. Hii ya leo ni ya kiwanda kingine. Kanuni ya zamani inataka kipenyo cha puli, gurudumu ambalo kamba inapita juu yake, kiwe angalau mara 40 ya kipenyo cha kamba, yaani kamba ya milimita 10 inadai puli ya milimita 400. Mkanda mwembamba unazunguka puli ndogo zaidi, mashine inakaa humo humo lifti inamopita, na chumba cha mashine juu ya paa hakijengwi tena.

Saa 2:00. Kijenge, hoteli mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Saruji imefika?"

Imefika. Kwanza lakini napanda juu ya lifti na fundi kijana, tunashuka polepole tukitazama mikanda. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote. Kamba ya kawaida naikagua kwa macho: nahesabu nyuzi zilizokatika, natafuta kutu, napima kama imekonda. Mkanda unaficha yote hayo. Unaweza kung'aa huku nyuzi za ndani zimechoka. Kwa hiyo kuna kifaa kinachopitisha umeme kidogo kwenye nyuzi na kupima ukinzani, yaani jinsi nyuzi zinavyouzuia umeme huo. Nyuzi zikichakaa ukinzani hupanda, na ukivuka kikomo kilichowekwa, lifti inasimamishwa. Kifaa hicho ndicho macho yangu.

Ubunifu siupingi hata kidogo. Ulaya, kwa sheria ya 2014/33/EU, lifti isiyofuata viwango vilivyozoeleka inaruhusiwa, ila chombo huru kichunguze mchoro wake na kuthibitisha kuwa usalama haukupungua. Naona ni haki kabisa: lete kitu kipya, lete na ushahidi wake.

Saa 5:00. Jaribio la breki. Lifti ni ya kubeba kilo 630, nasi tunapakia asilimia 125 ya hizo: mifuko 15 ya saruji na vyuma kidogo juu yake. Inashuka kwa kasi yake kamili, umeme unakatwa, breki inashika. Safi.

Saa 7:00. Ndizi nyama, haraka.

Saa 8:00. Nalinganisha namba za vyeti na vibao vya vifaa. Breki ya dharura inayong'ata reli, sawa. Gavana, kifaa kinachoiamsha breki hiyo lifti ikizidi kasi, sawa. Kufuli za milango, sawa. Cheti cha kifaa cha kupima ukinzani kinataja aina nyingine ya mkanda.

"Kiwanda ni kile kile, mama," anasema wakala aliyeleta lifti.

Kiwanda, ndiyo. Lakini kikomo kile kilipatikana kwa kuchosha mkanda fulani maabara. Mkanda mwingine una kikomo chake, na kifaa kinaweza kunyamaza wakati kinapaswa kupiga kelele.

Saa 11:00. Naandika ripoti: lifti isitumike hadi kiletwe cheti cha mkanda uliofungwa, pamoja na matokeo ya majaribio yake. Mwenye hoteli anapiga simu, anaomba walau apandishie mizigo. Hapana, mzee wangu. Mzigo haujipakii, lazima mtu aingie nao.