Unisomee pale pa munara

Nyiragongo, mlima wa moto wa kwetu Goma, Kongo, haikumuua yaya, ndugu yangu mkubwa. Mlima ulipasuka Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, na sisi wote tukatoka salama: baba, mama na watoto watano. Tulivuka mpaka, tukalala Gisenyi, upande wa Rwanda, tukarudi Goma kwa miguu yetu wenyewe. Yaya alikufa Jumatatu iliyofuata, wakati watu walishaanza kusema hatari imepita.

Nimeisimulia habari hii mara chache, na karibu kila mara swali la kwanza huwa lile lile: alikuwa anatafuta nini pale?

Nilikuwa na miaka kumi na sita, yaya kumi na tisa. Tulikaa mtaa wa Virunga, nyumba ya mbao yenye vyumba vitatu, baba akishona nguo barazani. Ile Alhamisi ardhi ilitikisika tangu asubuhi, moshi ukasimama upande wa Munigi, na kufika jioni volkano ilikuwa inashuka mjini, nyekundu, ikiambatana na sauti kama ya mabati yanayokunjwa. Baba alifungua skrubu za mashini yake, akaacha meza, akabeba kichwa cha mashini begani. Mama alimfunga kitinda mimba mgongoni. Yaya alirudi jikoni. Tulimpigia kelele atoke, naye akatoka na sufuria ya maharagi iliyokuwa bado inachemka, amezungushia masikio ya sufuria kitenge cha mama. Aliibeba hivyo hadi ng'ambo ya mpaka, kati ya maelfu ya watu wanaosukumana, na haikumwagika. Usiku ule Gisenyi, kando ya barabara, tulikula maharagi yetu na jamaa moja tusiyoijua, na yaya ndiye aliyegawa, kijiko kimoja kimoja, akianza na watoto wa wale wageni. Nikitaka kumwona yaya hata leo, namwona pale, akikwaruza sufuria ili na bibi yao apate.

Nyuma yetu mbingu ya Goma ilikuwa nyekundu. Volkano ilipita katikati ya mji, ikaukata vipande viwili, ikaingia ziwani, na mvuke mweupe ukapanda juu ya maji.

Jumamosi tukarudi. Watu wa misaada walikuwa wanatayarisha kambi ndani ya Rwanda, lakini nani wa Goma angekubali kambi? Tulikuwa tumeona kambi za wakimbizi za mwaka 1994, tumeona kipindupindu kikiangusha watu pembeni ya barabara hadi maiti zikakosa wa kuzizika. Afadhali mawe ya moto ya kwetu. Tulipita juu ya lava yenyewe, juu imeganda nyeusi, chini bado inaunguza, na harufu ya kiberiti ikikaba koo. Ukisimama kidogo, kandambili inaanza kunata. Nyumba yetu hatukuiona. Hata mahali ilipokuwa hatukupatambua mpaka yaya aliponyoosha kidole kwenye kipande cha ukuta wa jirani. Mama mdogo, aliyekaa Himbi ambako moto haukufika, akatupokea watu saba katika chumba kimoja.

Jumatatu asubuhi yaya aliondoka na bidoni ya manjano ya lita ishirini, ile iliyokuwa ya mafuta ya mawese. Katikati ya mji kulikuwa na kituo cha mafuta ambacho lava ilikizunguka, na esansi ilikuwa bado ndani. Watu walikwenda kuichota. Wengine kwa kuuza kando ya barabara, kwa chupa, kama wale ambao leo tunawaita makadhafi. Wengine kwa sababu kila mtu alikuwa anakwenda. Chini yao mawe yalikuwa bado yana moto.

Mlipuko tuliusikia mpaka Himbi. Makumi ya watu walikufa. Baba alikwenda, akarudi usiku, akakaa chini, akavua viatu, akasema: «Hakuna cha kuzika.» Zaidi ya hayo hakusema neno siku nyingi.

Kilio tulikifanya uani kwa mama mdogo, bila jeneza, bila picha, kwa maana picha ziliungua na nyumba. Watu walikuja, wakakaa kwenye mawe, na nikasikia jinsi wanavyozungumza. Mtu akifa kwa volkano, wanasema masikini. Mtu akifa pale pa esansi, wanashusha sauti. Nilikuwa nabeba maji ya kunawa mikono nikasikia mama mmoja akimwambia mwenzake: «Hawa bengine balikuwa banaiba.» Nilimnawisha mikono. Nilimwaga maji taratibu mpaka yakaisha.

Jumapili ikaja. Kanisa letu, ambalo silitaji, lilifanya ibada uwanjani, na mchungaji akahubiri kwamba wapo waliookoka moto wa mlima wakaenda wenyewe kuutafuta moto mwingine, na mshahara wa dhambi ni mauti. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, vichwa vyote viligeuka tulipokaa. Mama alijifunika kitenge usoni. Nikafunga mdomo wangu kwa kila wimbo, na tangu siku ile sikusali tena. Sikuwa nimeacha kuamini kwamba Mungu yuko. Niliamini yuko, na kwamba yuko upande wao.

Nyumbani yaya akaanza kufutika. Walipokuja kuandika majina ya walioungua, ili tupate turubai na mablanketi, waliuliza idadi ya watoto. Baba akajibu: wanne. Ilikuwa kweli kwa ajili ya mablanketi. Lakini mama naye akaanza kuwajibu hivyo hivyo hata watu wasioandika chochote. Jioni alikataa taa ya petroli isiwashwe, harufu ilikuwa inamtapisha, tukawa tunakaa na buji moja, yaani mshumaa, na likiisha tunakaa gizani.

Yule mama wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alikuja baada ya watu wote kuacha kuja. Alikuwa mzee, mwembamba, tulimjua kwa kuwa alituuzia samaki kwa deni huko Virunga. Naye aliungua. Alikuwa Mkatoliki, na Kathedrali ya Mtakatifu Yosefu, alikofungia ndoa yake na alikobatizia watoto wake, ilikuwa imebaki kuta tu juu ya lava. Aliingia uani na beseni yake kichwani, akaitua, akamsalimu baba kwa mikono miwili, akakaa chini kwenye mkeka karibu na mama. Alikaa muda mrefu. Mimi nilisimama mlangoni nikisubiri lile swali, maana kila mtu alikuwa nalo, hata waliolificha.

Akauliza: «Ule mutoto alikuwa anapenda kula nini?»

Mama hakujibu. Halafu, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Jumatatu ile, akasema: «Ndizi. Ndizi na sambaza yako. Lakini ikauke sana.»

«Njo ile ya kukauka alikuwa anachaguaka,» akasema mama wa sambaza. «Unajua alikuwa ananibebea beseni toka ziwani? Kila siku ya Mungu. Nikimupa franka, anakataa, anasema, mama, weka, utanipa samaki.» Akafungua kitambaa cha beseni, akatoa sambaza zilizokaushwa vizuri, akazihesabia kwenye sahani yetu. «Hii ni yake. Niko na deni lake.»

Mama akalia. Alikuwa hajalia tangu kilio kianze. Alilia na mama wa sambaza akalia naye, bila kumwambia anyamaze, bila kumwambia ni mapenzi ya Mungu, na mimi nikaketi chini mlangoni kwa kuwa miguu ilikataa kunishika.

Kesho yake nilikwenda ziwani kumbebea beseni. Hakuna aliyenituma. Nikaendelea kwenda, majuma matatu au manne, asubuhi kabla ya jua. Tulikuwa tunapita juu ya lava palipokwisha kukanyagwa njia, na yeye akisalimia kila mtu, akisimama kwa kila aliyeungua, akiacha samaki hapa na pale kwa watu ambao nilijua hawatalipa. Hakunihubiria hata mara moja. Rozari yake ilikuwa imefungwa kwenye ncha ya kitenge pamoja na pesa, na akitafuta chenji vinatoka vyote pamoja.

Siku moja ya jioni alinipeleka kwenye shirika yao, kikundi chao cha sala, akina mama kama kumi chini ya turubai, kila mmoja kwenye kiti cha kuazima au jiwe. Waliniambia msomaji wao miwani yake iliungua, na mimi nilikuwa nimefika kidato cha tano, basi nisome. Niliposhika Biblia mama wa sambaza, ambaye hakujua kusoma, akasema: «Unisomee pale pa munara. Kwa Luka. Pale munara uliangukia batu.»

Sikuijua. Mwenzake mmoja akanifungulia sura ya kumi na tatu, nikaanza kusoma kwa sauti ya shule, haraka haraka, nimalize. Watu wanamletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Halafu yeye mwenyewe anawaongezea habari ya wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Anauliza kama wanadhani wale walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu. Hapo sauti yangu ikakatika. Niliona lile neno linalofuata kabla sijalitamka, liko peke yake kwenye mstari, fupi, na nilikuwa naogopa kulisema kana kwamba likitoka mdomoni mwangu halitakuwa kweli.

«Soma, mwanangu,» mama wa sambaza akasema.

Nikasoma. Anajibu kwamba sivyo.

Najua maneno yanaendelea, kwamba Yesu anawaambia na wao watubu. Niliyasoma pia, sikuyaruka. Lakini yalikuwa yanasemwa kwa sisi tulio hai, tuliosimama tukiwahesabia wafu makosa yao. Mnara ulikuwa na watu kumi na wanane, na hata mmoja wao hakuulizwa alikuwa anatafuta nini chini yake.

«Rudilia,» akasema.

Nikarudilia. Hakuna aliyefafanua chochote. Mama mmoja, ambaye sikujua kabla ya hapo kwamba mume wake naye alifia pale pa esansi, alijiinamia hadi paji la uso likagusa magoti. Mwenzake akamwekea mkono mgongoni. Tukasali Baba Yetu, nami midomo yangu ikafunguka, nikasali nao, na nilipofika kwenye kusamehe nikamkumbuka yule mchungaji na yule mama wa kilio, nikakwama, nikaendelea. Kama mtu ananiuliza lini niliamini, namwambia jioni ile, chini ya turubai, nikiwa na magamba ya samaki kwenye kucha.

Nikaiazima ile Biblia. Nyumbani wadogo zangu walikuwa wameshalala, mama kakaa kando ya buji, baba yuko nyuma ya shuka tulilolitundika kugawa chumba. Nikamsomea mama. Alisikiliza hadi mwisho, akasema kama yule mwenzake: rudilia. Niliporudilia, baba akasema kutoka nyuma ya shuka:

«Bidoni ni mimi nilimupa.»

Tukanyamaza.

«Alikuwa hataki kwenda. Nilimuambia, benzako banatafuta, weye unaikala. Nilimuosheya ile bidoni kwa mikono yangu.»

Basi hicho ndicho kilichokuwa kimekaa kooni mwake mwezi mzima, wakati sisi tukidhani anaona haya kwa ajili ya yaya. Mama hakusema kitu. Alinyanyuka, akachukua buji, akainua ncha ya shuka, akaingia upande wa pili. Mwanga ukahamia huko. Niliona vivuli vyao viwili kwenye kitambaa, kimoja kimeketi, kingine kinaketi polepole karibu yake, na sikusikia neno lolote, na baada ya muda mrefu mama akaizima buji.

Siku chache baadaye tulikwenda ziwani mimi na mama kuchota maji. Mabomba ya mtaani yalikuwa bado hayajatengenezwa, na watu wa misaada walisimama ufukweni wakitia dawa kwenye kila bidoni. Mstari ulikuwa mrefu. Mwanamke aliyekuwa mbele yetu, akiwa na mtoto mgongoni, akaanza yale mazungumzo ya mstarini: mnatoka mtaa gani, mliungua, sasa mnalala wapi. Akamwuliza mama ana watoto wangapi.

«Batano,» mama akasema.

«Bote biko?»

«Mukubwa alikufa pale pa esansi.» Halafu akataja jina lake, lote, la ubatizo na la nyumbani, kwa sauti ya kawaida, watu wote wakisikia.

Yule mwanamke alimwangalia mama. Zamu yake ilikuwa imefika, lakini akaiweka bidoni yake pembeni, akachukua ya mama, akaikinga kwanza.